Gari la Nyota Kwenye Zizi la Baba Mdogo

Kazi yangu ni kushona siti. Nikiulizwa nasema hivyo hivyo, kwa sababu ukisema wewe ni fundi cherehani watu wanakuletea sare za shule. Nashona siti za bodaboda, za bajaji, za malori na za magari madogo, chini ya bati pale Ngokolo, mjini Shinyanga, jirani na gereji ambayo haijawahi kuwa na uzio. Nilianza nikiwa na umri wa kukaa darasani. Mama alifariki, baba akamfuata, na ng'ombe tuliokuwa nao walikwisha mmoja mmoja wakati wa kumuuguza baba. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na mdogo wetu wa kike ambaye wakati huo nilikuwa bado nambeba mgongoni. Shule yangu iliishia hapo. Fundi mmoja mzee alinipa sindano ndefu, akanionyesha jinsi ya kuvuta ngozi bila kuikunja, na alipochoka macho akaniachia cherehani.

Kwa hiyo magari sikuyasomea. Watu wengi wanalijua gari kwa nje, kwa rangi na taa na muungurumo. Mimi nalijua kuanzia pale mtu anapokalia. Nimefungua siti nyingi, na ndani yake karibu zote ni kitu kimoja: sponji. Sponji ikizeeka inageuka unga wa manjano unaoingia puani na kukaa huko hadi jioni. Nilidhani magari yote yako hivyo, hadi lilipokuja lile la krimu kutoka Maganzo.

Lilikuwa la kiwanda kile cha Kijerumani chenye nyota ya ncha tatu ndani ya duara. Jina lake linajulikana hata na watoto wanaochunga mbuzi. Mimi sitalitaja, na sababu ni ya kwetu: mkwe hatajwi jina ovyo, na gari lile, kama nitakavyoeleza, lilikaribia sana kuwa mkwe wetu.

Mwenye gari alikuwa dalali wa almasi, mtu mnene kiasi, mwenye tabia ya kufinya jicho moja hata anapotazama chai. Alilipata kwa familia ya wafanyabiashara wa Kihindi pale mjini, ambao babu yao alikuwa akilitumia kwenda kiwanda cha kuchambua pamba.

"Shikamoo, baba," nilimwambia.

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Alifinya jicho, akanitazama kama ninavyodhani anatazama mawe. "Haya," akasema. "Hata jiwe haliulizwi nani kalichimba. Fungua tu. Siti ya dereva imeanza kunichoma mgongo."

Nilifungua mlango, nikaufunga tena. Sikuwa na sababu. Mlango wa gari la kawaida ukifungwa unapiga kelele ya sufuria. Ule ulisema *dup*, kama kifuniko cha sanduku la nguo la bibi, na kelele zote za Ngokolo zikabaki nje. Nikaufungua na kuufunga mara nyingine.

"Umeona, eh?" dalali akasema, akacheka kwa kiburi kana kwamba mlango kauchonga yeye.

Nilipochana ngozi ya siti sikukuta sponji. Nilikuta springi zimepangwa kwa mistari, zimefungwa kwa waya, na juu yake mkeka mnene wa nyuzi ngumu za kahawia na nyeusi zilizoshikana. Nilizivuta, nikazinusa. Zilikuwa na harufu ya vumbi, ya mafuta, na nyuma kabisa harufu ya mnyama. Dereva mmoja wa lori, mtu wa Tanga aliyekuwa akisubiri turubai lake, alikuja kuangalia.

"Haya ni makumbi, dada. Yanatoka kwenye nazi. Kwetu tunasokotea kamba."

"Na hizi nyeusi?"

"Hizo si za kwetu. Hizo kama mkia wa punda."

Baadaye nilijua kuwa ni nywele za farasi. Lakini siku ile nilisimama na ule mkeka mkononi nikajiuliza swali ambalo halikunitoka tena. Ni mtu wa namna gani anayetengeneza kitu kizuri mahali ambapo hakuna atakayekiona? Mwenye gari hatafungua siti maisha yake yote. Aliyeweka zile nyuzi alijua hilo, na bado alizipanga. Gari lilikuwa limenizidi umri, na ule mkeka ulikuwa bado unarudi juu ukiubonyeza.

Nilibadilisha ngozi, nikafunga waya uliokatika uliokuwa ukimchoma mgongo, na ule mkeka nikaurudisha kama ulivyokuwa. Dalali alitaka niweke sponji mpya. Nilikataa. Alipokaa akaegemea, akasema, "Kumbe ndivyo lilivyokuwa likimbeba Mhindi."

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuuliza. Mdogo wangu wa kike alikuwa na simu nzuri, na wakati wa chakula cha mchana alikuwa akiniletea ugali na mlenda kibandani, tunakula huku anatafuta na kunisomea. Alianza kwa kunicheka. "Dada, wenzako wanatafuta mchumba kwenye simu, wewe unatafuta gari." Lakini naye akanogewa.

Ndivyo nilivyojua kwamba mwanzo walikuwa wazee wawili, kila mmoja mjini kwake, miji isiyo mbali sana, kila mmoja akihangaika kutengeneza gari lisilovutwa na mnyama. Inasemekana hawakuwahi kukaa na kuzungumza. Kampuni zao ziliungana baadaye sana, mmoja wao akiwa ameshafariki. Ile nyota ilikuwa ya mmoja wao. Alikuwa amemchorea mkewe nyota kwenye kadi ya posta, juu ya picha ya mji, kuonyesha nyumba walimokaa, na wanawe ndio waliokumbuka. Ncha tatu ni nchi kavu, maji na anga. Mdogo wangu akauliza, "Na matope?" Tulicheka, bila kujua kwamba swali lile lingerudi.

Jina la gari ni jina la msichana. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiyanunua na kuyashindanisha aliyaita kwa jina la binti yake, likashika. Wazungu kwenye video moja tuliyoitazama walilieleza jambo hilo kama ajabu. Kwetu si ajabu hata kidogo. Mama akizaa, jina lake la zamani linakaa pembeni, anaitwa Mama Fulani hadi anazikwa. Lile gari nalo waliliita kwa jina la mtoto.

Nililopenda kuliko yote lilikuwa la mke wa mzee mwingine, yule asiye na nyota. Mumewe alikuwa ametengeneza gari na kuliweka bandani, anaogopa kulitoa, watu wakilicheka. Mama yule akaamka asubuhi na wanawe wawili, hakumwambia mume, akaliwasha akaenda kumsalimia mama yake mji wa mbali. Mafuta yalipokwisha aliyanunua kwenye duka la dawa. Mrija ulipoziba akauzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka akaufunga kwa mkanda wa soksi yake. Na breki za mbao zilipolika, alisimama kwa fundi viatu, akamwambia azipigilie ngozi.

"Rudia hapo," nilimwambia mdogo wangu.

"Wapi?"

"Pa fundi viatu."

Akarudia. Mtu wa ngozi, mwenye sindano na misumari midogo, hakuwa na habari yoyote ya magari kwa sababu hayakuwepo. Alipigilia ngozi akaendelea na viatu vyake. Nilimfikiria mtu yule mchana mzima huku nikishona siti ya bodaboda.

Dalali alikuwa akilileta gari mara kwa mara, leo kapeti, kesho dari linaloning'inia, lakini aliyeliendesha alikuwa mpwa wake, kijana aliyemlea kama mwanawe. Kijana yule hakuwa msemaji. Alikuwa akisubiri juu ya tairi kuukuu, akimtazama mdogo wangu akisoma simu. Siku moja nikagundua kwamba kapeti alilolileta halikuwa na tatizo lolote.

"Shemeji," nilimwambia, "hili kapeti linaumwa nini?"

Aliinamisha kichwa. Mdogo wangu akakimbilia kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Hivyo uchumba ulikuja kwa mlango ule ule wa *dup*. Nilifurahi, kisha nikaanza kufikiri, maana kuna jambo lazima nilieleze hapa. Kwetu Usukumani mahari ya binti huwa haikai nyumbani. Ng'ombe wakiingia kwa dada, wanatoka kwenda kumwolea kaka mke. Mdogo wangu wa kiume alikuwa Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kule alikuwa amempata binti wa watu. Baba wa binti alikuwa muungwana, lakini alishasema wazi: alitaka ng'ombe walio hai, wanaokula majani, na hangesubiri mavuno mengine mawili, kwa kuwa kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akibisha hodi na kundi lake. Sisi hatukuwa na hata ndama. Sikuolewa, waliokuja niliwaambia wasubiri wadogo wakue, nao wakachoka kusubiri. Kwa hiyo ng'ombe wa mdogo wetu wa kike ndio waliokuwa mlango pekee wa kaka yake. Kila Jumapili alinipigia, nyuma yake karasha inasaga mawe, na swali lake lilikuwa moja: "Dada, wameingia?"

"Bado."

"Haya. Nasubiri."

Wiki moja kabla ya siku ya mahari, dalali alikuja kibandani peke yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafinya jicho.

"Fundi, mimi si mfugaji. Ng'ombe wangu wako mfukoni, wanaingia na kutoka na mawe. Mwaka huu mawe yamekuwa kimya. Lakini nina kitu." Akaligeukia gari. "Nataka nilitoe hili liwe mahari. Lote, lilivyo. Nani ameolewa kwa gari la nyota hapa Shinyanga yote?"

Niligeuka nikalitazama.

"Nimekuona unavyolitazama," akaendelea. "Wazee wako huko kijijini watakufuata wewe, wewe ndiye uliyelea. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Na gari litakaa hapa, chini ya bati lako. Unalifungua, unalifunga, unaliuliza maswali yako hadi uzeeke."

Nitasema kweli: nilitaka. Usiku ule nilijiona nimekaa kwenye siti niliyoishona mwenyewe, mlango umefungwa, Ngokolo yote imenyamaza. Asubuhi nilimwambia tu kwamba neno la mahari linasemwa nyumbani kwa wazee, si kibandani. Alilichukua kama ndiyo.

Nyumbani kwa wazee ni kwa baba mdogo, upande wa Kishapu, si mbali na Songwa. Pale ardhi ni mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka hadi mguu unazama kwenye ufa, na masika unageuka gundi. Mvua ilikuwa imenyesha. Sisi tulikwenda tangu jana yake kwa miguu sehemu ya mwisho. Waoaji waliambiwa waache gari barabara kubwa, lakini dalali alisema mahari haiachwi njiani.

Tulikaa kuwasubiri hadi jua likapanda. Mara mpwa wa dalali akafika anahema, suruali imekunjwa, matope hadi magotini. Alimsalimia baba mdogo kwa kuinama.

"Shikamoo, baba. Gari limezama."

"Limezama wapi?"

"Pale kwenye bonde."

Baba mdogo alinitazama, akawatazama wazee wenzake, kisha akaita wafungwe maksai wake wa plau. Wakaenda na mnyororo. Na hivyo ndivyo gari la nyota lilivyoingia nyumbani kwetu: linavutwa na maksai wawili wekundu, taratibu, dalali amekaa ndani ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa hapakuwa na cha kuendesha, na nyuma yake mshenga akisukuma. Wanawake walikuwa wameshajiandaa kupiga vigelegele. Waliangaliana wasijue wapige au wasipige. Shangazi mmoja akapiga nusu, akaishia njiani.

"Mwadila," dalali akasalimia kwa Kisukuma, akishuka.

"Mwadila," wazee wakaitikia. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kulizunguka gari.

Mahari kwetu hukaguliwa. Ng'ombe anazungukwa, anashikwa nundu, anatazamwa meno, anatembezwa kuona kama anachechemea. Wazee hawakuwa na njia nyingine ya kukagua, wakatumia waliyonayo. Mmoja alilipiga ubavuni kwa kiganja akasikiliza. Mwingine alichungulia mbele, kwenye vyuma vile vinavyong'aa chini ya nyota, akasema, "Meno anayo."

"Ana umri gani?"

"Mkubwa," dalali akajibu. "Lakini haya hayazeeki, baba. Huyu ni Mjerumani."

"Mjerumani alifika hapa enzi za babu zetu," baba mdogo akasema, "akataka kodi. Leo amerudi anataka binti?" Watu wakacheka. "Haya, tuendelee. Anakula nini?"

"Mafuta."

"Majani hali?"

"Hali, baba."

"Anatoa maziwa?"

"Baba, hili ni gari!"

"Najua ni gari, nina macho. Nakuuliza kama muulizaji wa mahari. Anazaa?"

Dalali akafinya jicho, akaona hapa pagumu. "Hazai. Lakini thamani yake, baba, thamani yake inazidi kundi zima."

"Hazai," baba mdogo akawageukia wenzake. "Basi ni maksai."

"Maksai mzuri," mzee mmoja akatetea. "Amenenepa."

"Maksai anayevutwa na maksai," akasema mwingine, na hapo hata mshenga, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu matopeni, akacheka.

Baba mdogo hakucheka. Alipandisha fimbo yake begani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kwenye ukoo wetu ng'ombe wa mahari anaingia kwa miguu yake. Akilala njiani akabebwa, hahesabiwi. Mimi leo nimeona wawili tu walioingia kwa miguu yao, na hao ni wangu. Sasa mnataka nioze binti wa marehemu kaka yangu kwa ng'ombe wangu mwenyewe?"

Kicheko kilizimika. Dalali alijifuta jasho, akanigeukia. Na wote wakageuka pamoja naye.

"Fundi yupo," akasema. "Yeye analijua gari hili ndani na nje. Mwulizeni. Dada mkubwa, sema."

Simu yangu ikalia wakati huo huo. Nilijua ni nani kabla ya kuitazama. Nikaipokea mbele ya wote, maana kukata kungekuwa kubaya zaidi.

"Dada," sauti ikasema, karasha ikisaga nyuma yake, "wameingia?"

"Subiri usikate," nikamwambia. Nikaiacha mkononi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, shali mdomoni. Nilimtazama yeye, kisha gari. Matope yalikuwa yamelipaka hadi madirishani, na bado lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililonisumbua: halikuwa baya. Waliolitengeneza hawakuwa wamekosea chochote.

"Gari hili ni zuri," nilisema. "Nimelifungua, sijaona fundi aliyemdanganya mwenye gari mahali popote. Mkiniuliza kama lina thamani, lina thamani. Lakini kaka yake binti yuko Geita, na wakwe zake hawatalipokea. Likiingia hapa litakaa. Mahari yetu haikai, inapita. Mimi nataka kitu kinachopita."

Baba mdogo akatikisa kichwa polepole kukubali. Dalali akakaa juu ya kiti cha mgeni, amenyong'onyea, na mpwa wake akatazama chini kama siku ile ya kapeti. Nilidhani nimeua uchumba wa mmoja ili kuokoa wa mwingine. Simu mkononi mwangu ilikuwa bado inasaga mawe.

Ndipo tukasikia *dup*.

Kisha tena: *dup*.

Kati ya wazee walioalikwa alikuwepo jirani wa baba mdogo kutoka Songwa, mfugaji mwenye kundi ambalo likipita kisimani wengine wanaondoka. Wakati sisi tukibishana juu ya meno na maziwa, yeye alikuwa ameingia ndani ya gari, akakaa siti ya nyuma na fimbo yake kati ya magoti. Alikuwa akifungua mlango na kuufunga. Nilimjua mara moja mtu wa namna ile. Nilikwenda nikainama dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu." Alifungua, akafunga. "Hebu niambie. Kwa nini mlango huu unanyamazisha watu?"

"Sijui, baba. Nami nimejiuliza."

"Nina wake watatu na wajukuu siwajui idadi," akasema. "Sijawahi kusikia kimya kama hiki mchana."

"Siti uliyokalia ina nywele za farasi ndani."

"Acha!" Akaibonyeza. Ikarudi juu. Akaibonyeza tena. "Hawa watu walikuwa wafugaji," akasema kwa uhakika, na sikuona sababu ya kumbishia.

Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama angelibadilisha na ng'ombe wake, na akanijibu kwa sauti kubwa, ili wote wasikie, kwamba yeye ana ng'ombe wa kutosha na hana mahali pa kukaa kimya. Angewatoa ng'ombe kwa dalali, achukue gari.

Watu walisimama. Dalali alisimama kuliko wote. Lakini baba mdogo akainua fimbo.

"Ng'ombe wanatoka Songwa kuja hapa? Hapana. Songwa hawaoi hapa. Mahari inatoka kwa waoaji."

"Kwa hiyo?" dalali akauliza.

"Kwa hiyo waoaji wawapokee kwao, ndipo walete."

"Kwetu ni Maganzo, baba! Ni mbali, na matope haya!"

Wazee walikaa wakashauriana, na mashauri yao yalikuwa haya: pale bondeni gari lilipozamia ndipo waoaji walipokoma kwa uwezo wao wenyewe, kwa hiyo pale pahesabiwe kuwa ndipo kwao. Ng'ombe wa Songwa wakaswagwa hadi bondeni, dalali na mpwa wake na mshenga wakawapokea wakiwa wamesimama kwenye zile alama za magurudumu. Kisha wakawaswaga wao wenyewe kuja nyumbani. Dalali hakuwa amewahi kuswaga hata mbuzi. Tulimwona kwa mbali, viatu vya mjini mkononi, anamwambia jike mmoja mweupe aliyegoma, "Tembea, mama, tafadhali, tembea." Yule jike akatembea. Shangazi safari hii alipiga kigelegele hadi mwisho.

Nilipiga tena simu ya Geita, maana ile ya kwanza ilikatika salio lake lilipokwisha.

"Wameingia," nilisema.

Nilisikia karasha tu, kisha sauti yake ikiwa mbali na simu, inamwambia mtu, "Zima hiyo mashine kwanza."

Ng'ombe hawakukaa. Baada ya harusi ya mdogo wangu wa kike, karibu wote walipanda lori kuelekea Geita, na yule jike mweupe, dalali alinisisitizia, asifungwe karibu na madume. Binti wa watu sasa ni wifi yangu. Jike mweupe amezaa kule, nimetumiwa picha.

Gari liko Songwa. Haliendi popote, na mwenyewe hajaomba liende. Liko ndani ya boma, upande wa kivuli, na jioni ng'ombe wakisharudi mzee anaingia siti ya nyuma, anafunga mlango. Wajukuu wanajua wasimsumbue.

Msimu uliopita aliniita. Siti ya nyuma, alisema, imechanika, na yeye hajui kilichoichana. Nilikwenda na sindano zangu. Mlango wa upande mmoja ulikuwa umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya upepo. Nilipoinama nikamkuta kuku amelalia mayai pembeni kabisa mwa siti. Alikuwa amechokonoa ngozi pale kwenye mshono, akatoa nywele za farasi na makumbi, akazichanganya na majani makavu, akajitengenezea kiota kizuri sana, cha mviringo, kinachorudi juu ukikibonyeza.

"Nimfukuze?" mzee akauliza nyuma yangu.

"Ataangua lini?"

"Karibu."

"Basi nitarudi akishaangua."

Mzee akazunguka, akaingia upande wa pili, akakaa taratibu asimshtue. Nami nikaingia mbele, kwenye siti ya dereva niliyoishona mwenyewe. Akafunga mlango wake. Nami nikafunga wangu.